Wafugaji wa Nyika za Asia: Je, Walihamahama?

Anayefasiri kwa Kiswahili maandishi ya akiolojia yahusuyo wafugaji wa kale wa nyika za Asia hukabiliwa mapema na neno moja: kuhamahama. Neno hili tumelizoea mno hata hatulihoji. Katika makala haya mafupi tunadai kuwa linapotosha, na kwamba ushahidi wa upotoshaji huo umo katika sanaa ya wafugaji wenyewe.

Uradidi wa kitenzi katika Kiswahili una kazi nyingi, mojawapo ikiwa ni kuonyesha tendo lifanywalo bila lengo maalumu. Atembeaye ana aendako. Atembeatembeaye huenda hana. Vivyo hivyo, msomaji akiambiwa kwamba watu fulani walihamahama, hupata picha ya watu wasio na kwao, wasio na wasaa wala nyenzo za kuunda chochote cha thamani. Picha hiyo haiafikiani na makaburi ya Pazyryk.

Makaburi hayo yamo katika milima ya Altai, kusini mwa Siberia. La kwanza lilifukuliwa mwaka 1929. Mengine Sergei Rudenko aliyafukua kati ya 1947 na 1949. Yalikuwa yameibiwa tangu kale. Wezi walichukua dhahabu, wakaacha matundu. Maji yakapenya, yakaganda chini ya marundo ya mawe, na barafu ikahifadhi vile ambavyo wezi walividharau: mbao zilizochongwa, ngozi, sufu na hariri. Katika kaburi la tano, la karne ya 4 au ya 3 K.K., lilikutwa zulia la takriban mita mbili kila upande, lenye mafundo yapatayo 3,600 katika kila desimita ya mraba. Lilikutwa pia pazia la sufu iliyoshindiliwa, la mita 4.5 kwa 6.5, pamoja na hariri ya Uchina.

Huenda ikapingwa kuwa zulia lile lilifumwa kwingine. Hoja hiyo ina uzito, kwani wataalamu hawajaafikiana kuhusu asili yake. Lakini haiwezi kuelezea mabata maji wa sufu waliojazwa nywele za kulungu, wala vinyago vyenye pembe walivyovishwa farasi. Kazi hizo zadai mafundi, mapokeo na ladha ya jamii nzima. Aidha, ziko katika vitu ambavyo huoza. Yafaa basi ikumbukwe kuwa dhahabu iliyokusanywa Urusi tangu enzi ya Peter wa Kwanza ni masalio tu ya sanaa pana zaidi. Anayewapima watu hawa kwa dhahabu na kuta za mawe anatumia kipimo cha wezi wale wale.

Kuna jambo zito kuliko istilahi. Mwaka 1993 Natalia Polosmak alifukua katika uwanda wa Ukok mwili wa mwanamke mwenye chale za wanyama, aliyezikwa na farasi sita. Mwili ulipelekwa Novosibirsk. Wenyeji wa Altai, wanaomhesabu kuwa bibi yao, walidai arejeshwe, na mwaka 2012 alirejeshwa Gorno-Altaysk. Dai lao lilisimama juu ya msingi mmoja: kwamba mfugaji ana kwao. Walihama, naam, lakini baina ya malisho ya majira ya joto na ya baridi waliyoyajua, na wafu wao waliwazika chini ya mawe yasiyohamishika.

Kwa hiyo tunapendekeza 'wafugaji wahamaji', au 'wafugaji wa misimu' pale mkazo unapokuwa kwenye malisho. Pendekezo hili halihusu Asia pekee. Neno kuhamahama tunawabandika pia wafugaji wa hapa kwetu, na asemwaye kuwa hana kwao ni rahisi kunyang'anywa ardhi, hata makaburi ya wazee wake. Wanaotunga istilahi wasijidhani kuwa hawamo katika mzozo huo.