Songhai Haikuangushwa na Bunduki Peke Yake

Ndugu walimu, yako maelezo tuliyoyakariri madarasani hata yamekuwa kama aya: kwamba mwezi wa Machi 1591, huko Tondibi, askari wa Morocco wapatao 4,000 walifyatua bunduki, na dola ya Songhai ikaporomoka. Twayapinga. Si uongo, ni nusu ya ukweli, nayo humpotosha mwanafunzi kuliko uongo mtupu. Kama bunduki ndiyo sababu, mbona bunduki zile zile zilishindwa kuitiisha Dendi, upande wa kusini, alikoendelea kupigana Askia Nuhu?

Tuutazame uchumi. Songhai iliishi kwa njia za jangwani: chumvi ya Taghaza ikishuka kusini, dhahabu ikipanda kaskazini. Mwaka 1482 Wareno walijenga ngome Elmina, na sehemu ya dhahabu ikaelekea pwani. Chumvi nayo ikagombewa na masultani wa Morocco. Mashamba ya wakuu yalilimwa na watumwa. Na mtumwa ana sababu gani ya kuufia ufalme wa bwana wake? Baada ya Tondibi, watumwa waliasi.

Na dini je? Askia Muhammad alitwaa kiti mwaka 1493 kwa kumpindua Sonni Baru, aliyeukataa Uislamu. Kisha akaenda kuhiji, akarudi na cheo cha khalifa. Haki ya kutawala ikasimikwa juu ya dini ya mijini, ilhali wakulima na wavuvi wengi wa mto Niger walishika mila zao. Hatusemi kwamba Uislamu uliiua Songhai. Elimu ya Timbuktu ni fahari ya Afrika. Twasema kwamba dini iliyofanywa nguzo ya kiti haikuwaunganisha watu. Wala haikuwa ngao: mshambulizi, Sultani Ahmad al-Mansur, alikuwa Mwislamu, na mwaka 1593 majeshi yake yaliwakamata wanazuoni wa Timbuktu, akiwamo Ahmad Baba.

Tena, mwaka 1588 jeshi la magharibi lilikuwa limekwisha kuasi, ndugu wakachinjana kwa ajili ya kiti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa nini tunashikilia jambo hili? Kwa sababu mtoto anayefundishwa kwamba bunduki peke yake ndiyo iliyotushinda, atakua akiamini kwamba bunduki peke yake ndiyo itakayotuokoa. Nchi zetu zimekwisha kuilipia imani hiyo kwa damu. Tusiifundishe tena.