Mayi ya muchezaji, kiu ya mwenye kubeba mufuko

Wasomaji wetu wengi hawajakanyaga kiwanja cha golf hata siku moja. Hapa Lubumbashi, Golf ni kwanza jina la kartie. Kisha njo muchezo. Kwa hiyo tunajua kama wengine watatuuliza: njaa iko mu inchi, barabara zimeharibika, na ninyi munatuandikia juu ya chakula cha wakubwa wenye kupiga kampira kadogo? Mutuvumilie kidogo. Habari hii si ya wakubwa peke yao.

Tuanze na kazi yenyewe. Muchezo muzima wa golf ni mashimo 18. Ili kuyamaliza yote, muchezaji anatembea karibu kilometa 8 ao zaidi, na anaweza kupita masaa 4 ku jua. Mufuko wake wa fimbo unaweza kupita kilo 10. Mara nyingi si yeye anaubeba. Anaubeba kadi, ni kusema yule kijana mwenye kumufuata hatua kwa hatua, kumutafutia mupira mu majani, na kumushauria fimbo ya kupiga nayo. Wakati wa mwezi wa 10, mbele mvua haijaanza vizuri, jua la Katanga linachoma. Mutu mwenye kutembea ndani yake bila kunywa mayi, kichwa kinaanza kumuzunguka.

Watu wa golf wanajua hayo tangu zamani. Njo maana viwanja vingi vina buvette katikati ya safari, kati ya shimo la 9 na la 10, ili muchezaji apumzike, akule kitu, akunywe. Mu inchi za utajiri, kuna hata kagari kadogo kenye kuzunguka na vinywaji baridi na mikate mpaka mutu anahudumiwa pale anaposimama. Na baa ya mwisho, kisha muchezo kuisha, wao wenyewe wanaiita kwa kuchekesha «shimo la 19». Ni mapango mazuri. Hatuna neno nayo.

Neno letu ni hili. Siku moja ya Mungu tulisimama mu kiwanja kimoja cha inchi yetu, jina tunaliacha. Wachezaji 4 walifika ku buvette na makadi wao 4. Wachezaji wakakaa chini ya mwavuli, wakaletewa Simba baridi na michopo ya kuchoma. Makadi wakabakia kando ya mifuko, ku jua. Tukauliza mumoja: kijana, wewe haukunywe? Akajibu bila kasirani: «Mayi ya pale haiko ya siye, papa. Siye tunakunywaka ku robine ya kunyweshea majani.»

Kidogo, mama mumoja akapita upande wa inje, beseni ku kichwa: mayayi ya kupika, kalanga, ndizi. Makadi wakakimbilia pale, wakapitisha makuta yao mu matundu ya waya. Sentineli akatokea: «Mama, toka pale, bakubwa banacheza!» Mama akatwika beseni yake, akaenda. Kijana mumoja alikuwa amekwisha kulipa; yayi lake likaenda na mama.

Tuseme wazi: hatuko na wivu. Muchezaji amelipa, ako na haki ya kukula na kukunywa anavyopenda. Lakini inawezekana namna gani watu 2 watembee njia moja, chini ya jua moja, mumoja akiwa na mufuko juu ya bega, na mayi ikuwe ya yule asiyebeba kitu? Hiyo si desturi ya golf. Ni desturi ya zamani za wakoloni, wakati boyi alikuwa anasimama ku mulango na kungojea mabaki. Tuliipindua mu mwaka 1960 kwa kinywa. Mu buvette ingali imekaa.

Na golf yenyewe inatupa somo. Kiwanja chenye sifa kupita vyote ni kile cha St Andrews, kule Scotland. Shimo lake la 4 linaitwa mpaka leo «Ginger Beer», ni kusema pombe ya tangawizi. Jina hilo linatokana na muzee mumoja, David Anderson, mwenye alikuwa kadi na mwenye kutunza kiwanja, kisha akauzisha wachezaji kinywaji hicho pale pale mu kiwanja. Hawakumufukuza, walipatia shimo jina la biashara yake. Na mutoto wake, Jamie Anderson, alishinda mashindano makubwa ya Uingereza mara 3 zenye kufuatana: 1877, 1878 na 1879. Basi, kumbe mwenye kuuza kinywaji na mwenye kubeba mufuko si takataka za golf. Ni wao waliizaa. Nani anajua kama mu makadi wetu hamuna Jamie mwingine, mwenye kukunywa mayi ya robine ya majani?

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa viwanja mambo 3, na hakuna hata moja yenye kuomba feza nyingi.

La kwanza, mayi. Kila kadi apate mayi safi, mbele ya kuanza, pa buvette, na kisha kumaliza. Sisi wa Katanga tunajua kolera. Haituulizi kama tuko wakubwa ao wadogo. Kadi akiambukizwa, mikono yake njo ile ile yenye kukupanguzia mupira na kukupatia fimbo. Na muangalie glaso zenu pia: mayi mubaya ikigandishwa inabakia mayi mubaya. Baridi haiue mikrobe yote.

La pili, wamama. Wachague wamama wachache wa kartie, wawapatie kivuli kimoja ndani ya lupango, meza, mayi na sabuni. Muchezaji mwenye kutembea hahitaji sahani kubwa ya bukari. Itamulemea mu tumbo mpaka mupira upotee. Anahitaji kitu cha kushika ku mukono: ndizi, yayi, kalanga, kiazi kitamu. Hivyo vyote wamama wanavyo, na bei yake iko chini kuliko sanduishi ya kuagizwa. Na munkoyo wetu, ukitengenezwa kwa usafi, kwa nini usikae karibu na soda?

La tatu, heshima. Nusu saa ya buvette ikuwe mapumziko ya wote. Benchi moja chini ya muti inatosha.

Watatujibu: wamama wataleta uchafu, sashe zitajaa mu majani, watu wataiba mipira. Tunasikia. Lakini uchafu unaletwa na kukosa pipa, si kukosa kartasi ya uanachama; na chupa tulizoziona siku ile mu majani marefu hazikutupwa na mama wa mayayi. Muweke sheria, mupime usafi, mwenye kukosa aondolewe. Ni vizuri kuliko kufukuzana ku waya kila siku ya Mungu.

Kwa wamama na makadi pia tuko na neno. Mayayi yafunikwe, mikono isafishwe, na kadi asiguse pombe akiwa ku kazi. Heshima inaombwa, lakini inatunzwa pia.

Na wewe muchezaji, usingoje komite ikutane. Siku ya Mungu yenye kuja, ukifika ku buvette, agiza chupa 2 za mayi pa nafasi ya moja. Ya pili, umupatie yule mwenye kusimama kando ya mufuko wako, na umwambie akae. Feza yake ni kidogo kuliko mupira moja wenye utapoteza mu majani kwa shimo la 10, na yeye njo atakutafutia.