Kufunga Bahari ni Sawa na Kugoma

Ndugu wafanya kazi,

Wako wanachama waulizao: sisi watu wa mishahara tuna nini na mambo ya wavuvi? Jibu ni rahisi. Wengi wetu tukaao Likoni, Mtongwe na Kisauni tuna baba, mjomba au shemeji baharini, na mama karanga atukaangiaye samaki jioni hula kwa bahari hiyo hiyo. Tena liko jambo moja la wavuvi ambalo sisi twalifahamu vyema.

Jambo lenyewe ni kufunga bahari. Mwaka 2003 wazee wa Kuruwitu, upande wa Kilifi, waliona samaki wanakwisha na matumbawe yanaharibika, wakaunda chama. Baadaye walitenga hekta 30 hivi za bahari, wakakubaliana mtu asivue humo. Mahali hapo huitwa tengefu. Samaki walirudi. Hapa kwetu nako, hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa na serikali mwaka 1986, na wavuvi hutega madema karibu na mpaka wake, kwa kuwa samaki wakizidi ndani hutoka nje.

Lakini tusidanganyane. Kufunga bahari ni sawa na kugoma. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi kama 15,000 wa Mombasa waliweka kazi chini. Kila aliyepata kugoma ajua mambo mawili: mmoja akivunja, wote wameumia, na njaa ikiingia nyumbani, mgomo hauna siku nyingi. Tengefu ni vivyo hivyo. Mtu mmoja akiingia usiku na juya, ambalo lilipigwa marufuku mwaka 2001, subira ya wenziwe imekwenda bure. Na mwenye watoto watano hawezi kungoja samaki wakue ikiwa chungu hakina kitu.

Kwa hiyo, wale wajao ufukweni na kuwaambia wavuvi "hifadhini bahari", kisha wakaenda zao bila kusema watu watakula nini, wanawaonea. Watazameni wenzetu wa Gazi, Kwale. Tangu mwaka 2013 mikoko yao, hekta 117, huwaletea fedha kwa biashara ya kaboni, na fedha hizo zimesaidia maji na shule. Huko uhifadhi umeleta faida ambayo mwanakijiji aiona kwa macho.

Rai yangu ni hii. Kwanza, uamuzi wa kufunga utoke katika mkutano wa wavuvi wenyewe. Kanuni za mwaka 2007 zimewapa kamati zao za fukwe, ziitwazo BMU, nao huzichagua kwa kura kama sisi tuchaguavyo viongozi wetu. Pili, kabla ya kufunga pawe na akiba. Chama chetu chajua kuweka mfuko wa shida; twende tukawafundishe, na ikiwezekana tuchangie. Tatu, tukatae kununua samaki wachanga, hata wakiwa rahisi. Anayewanunua ndiye amlipaye mwenye juya.

Ndugu zangu, mvuvi hana tajiri wa kumdai nyongeza. Hana ila bahari na wenziwe. Umoja wetu usiishie langoni mwa kazi.

UMOJA NI NGUVU.