Hakuna tembe ya ushoga: Marekani iliitafuta ikaikosa

Miezi miwili hivi iliyopita, mama mmoja alifika katika kliniki yangu akiwa na shinikizo la damu la 190 kwa 110. Ni mgonjwa wangu wa miaka mingi, na kwa kawaida akipimwa huwa na 140 au chini ya hapo. Nilipomuuliza kama ameacha kumeza dawa alinyamaza kwanza, kisha akaniomba nifunge mlango.

Kifungua mimba wake yuko Minnesota, Marekani, alikokwenda kusoma miaka minane iliyopita na ambako sasa ameajiriwa. Majuma matatu kabla ya siku hiyo, kijana alikuwa amempigia simu na kumweleza kwamba yeye ni shoga, na kwamba alijijua tangu akiwa darasa la sita hapa nyumbani. Mama alikata simu. Tangu hapo hakuipokea tena, ingawa ilikuwa ikilia kila Jumapili jioni. Ndugu yake alimshauri amtoe kijana huyo katika hesabu ya watoto wake. Yeye kwangu alikuwa na swali moja: "Daktari, ugonjwa huu hauna tembe? Kuna jirani yangu anasafiri mwezi ujao, naweza kumpa ampelekee."

Mama huyu ameniruhusu niandike haya bila kumtaja. Najua swali lake si lake peke yake, kwani familia nyingi mjini zina mtoto Marekani, na wazazi wengi huamini kwamba ushoga huambukizwa huko kama mafua. (Yule kijana alisema darasa la sita, lakini hilo mama alikuwa hajalitilia maanani.)

Nilimjibu kwamba tembe hiyo haipo. Ilitafutwa kwa miaka mingi sana, na waliokuwa wakiitafuta ni madaktari wenzangu, tena huko huko Marekani anakoishi mwanawe.

Mwaka wa 1952, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilitoa kitabu chake cha kwanza cha kuorodhesha magonjwa ya akili, na ushoga ukatiwa humo kama kasoro ya hulka. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower alitia sahihi amri iliyowafungia mashoga na wasagaji kazi za serikali kuu. Sheria za majimbo yote ziliwahesabu kuwa wahalifu, na jimbo la kwanza kuibadilisha sheria yake, Illinois, lilifanya hivyo mwaka wa 1961. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 aliyejigundua wakati huo alikuwa mgonjwa kwa daktari, mhalifu kwa polisi na mwenye dhambi kwa kasisi. Mzazi aliyekuwa na uwezo alimpeleka hospitalini akidhani anamsaidia. Huko wako waliopigwa umeme huku wakionyeshwa picha, wako waliopewa dawa za kuwatapisha, na wako waliofanyiwa upasuaji wa ubongo. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwa ushahidi unaokubalika kwamba tiba hizo zilimbadilisha mtu. Ushahidi uliopo ni wa mfadhaiko na wa kujaribu kujiua.

Kosa lao lilikuwa la kitabibu, na lilifichuliwa na mwanasaikolojia mmoja wa Los Angeles, Bi Evelyn Hooker. Aliona kwamba madaktari walikuwa wamewachunguza mashoga waliokuwa magerezani na katika hospitali za wagonjwa wa akili tu. Ni kama mtu aketi katika wodi ya malaria mwezi mzima kisha atangaze kwamba Wakenya wote wana homa. Yeye alitafuta wanaume mashoga 30 waliokuwa wakiendesha maisha yao kama watu wengine, na wanaume 30 wasio mashoga, akawapa mitihani ile ile ya akili, kisha akawapelekea mabingwa majibu bila majina. Mabingwa hao walishindwa kubainisha shoga ni yupi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka wa 1957.

Ilichukua miaka 16 zaidi. Mwaka wa 1972, katika mkutano wa madaktari wa akili mjini Dallas, daktari mmoja alipanda jukwaani akiwa amevaa kinyago, nywele bandia na suti iliyompwaya, akazungumza kwa kipaza sauti kilichobadilisha sauti yake. Aliwaambia wenzake kwamba yeye ni daktari wa akili na pia ni shoga. Miaka mingi baadaye ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa Daktari John Fryer wa Philadelphia. Fikiria hali hiyo: daktari anajificha uso mbele ya madaktari ili asifutwe kazi. Mwezi wa Desemba 1973, bodi ya chama hicho iliuondoa ushoga katika orodha ya magonjwa, na mwaka uliofuata wanachama walipopiga kura, asilimia 58 waliuunga mkono uamuzi huo. Shirika la Afya Duniani lilifuata tarehe 17 Mei 1990.

Hata mimi sina haki ya kuwacheka wazee hao. Nilipokuwa chuoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, kitabu kimoja kikuukuu katika maktaba yetu kilikuwa bado kinauita ugonjwa, nami nilikisoma nikakiamini. Nikiwa daktari mwanagenzi niliwahi kupokea kijana aliyekunywa dawa ya kuua wadudu. Tulimwosha tumbo akapona. Aliponinong'onezea sababu yake, nilimwambia atafute mchumba. Hakurudi kliniki siku niliyompangia.

Wamarekani wenyewe husimulia zaidi usiku wa tarehe 28 Juni 1969 mjini New York, wakati polisi walipovamia baa iitwayo Stonewall Inn na wateja, wakiwemo vijana waliofukuzwa kwao, wakakataa kukamatwa kimya kimya. Sawa, lilikuwa tukio kubwa. Lakini nikiwa daktari wa familia, mtu ninayemkumbuka zaidi ni mwalimu mmoja wa shule huko huko New York, Bi Jeanne Manford. Mwanawe Morty alipigwa vibaya mwaka wa 1972 alipokuwa akigawa karatasi za kutetea mashoga. Mama huyo aliliandikia gazeti akisema wazi kwamba ana mwana shoga na anampenda. Mwezi wa Juni mwaka huo aliandamana naye barabarani akiwa amebeba bango la kuwataka wazazi wengine wawaunge mkono watoto wao. Vijana wasiomjua walimkimbilia wakilia, wakimwomba azungumze na mama zao. Mwezi wa Machi 1973 aliwaita wazazi kama yeye katika kanisa moja mjini humo, wakaja watu 20 hivi. Mkutano huo ulizaa chama cha wazazi ambacho sasa kina matawi kote Marekani.

Kisha ukaja Ukimwi. Tarehe 5 Juni 1981, serikali ya Marekani ilichapisha habari za vijana watano wa Los Angeles, wote mashoga, waliokuwa na homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1995, zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamekufa nchini humo kwa ugonjwa huu, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao lilikuwa la wanaume mashoga. Mvulana aliyebaleghe miaka hiyo alijiona kwa mara ya kwanza katika televisheni akiwa maiti. Wazazi wengi walipata habari mbili kwa siku moja: kwamba mwana wao ni shoga na kwamba anakufa. Wako waliompokea wakamwuguza hadi mwisho, na wako waliokataa hata kuuchukua mwili.

Msomaji anayeikumbuka Kenya ya miaka ya 1990 hahitaji kuelezwa. Huku kwetu virusi vilienea zaidi kati ya wanaume na wanawake, lakini aibu ilikuwa ile ile. Mgonjwa alitengewa sahani na kikombe, na tangazo la kifo likasema aliugua kwa muda mfupi.

Katika msiba huo wa Marekani, wasagaji ndio waliosimama kitandani pa wagonjwa wengi. Mashoga walipopigwa marufuku kutoa damu mwaka wa 1983, wanawake wa San Diego walijipanga kuitoa wao. Wanawake hawa nao walikuwa na machungu yao, kwani katika miaka ya 1970 msagaji aliyeachana na mume aliweza kunyang'anywa watoto na mahakama kwa sababu hiyo tu. Morty Manford alifariki kwa Ukimwi mwaka wa 1992, na mama yake alikuwa akimwuguza. Dawa zenye nguvu za kupunguza makali zilienea mwaka wa 1996, miaka minne baadaye.

Mengine nitayapitia haraka. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria zote za kuwafunga mwaka wa 2003, na mwaka wa 2015 ikaruhusu ndoa zao nchi nzima. Watafiti waliolinganisha majimbo waliripoti mwaka wa 2017 kwamba pale ndoa hizo ziliporuhusiwa mapema, idadi ya wanafunzi wa shule za upili waliojaribu kujiua ilipungua kwa asilimia 7.

Hata hivyo sheria ya Washington haiingii sebuleni. Mwaka wa 2009, Daktari Caitlin Ryan na wenzake wa San Francisco walichapisha utafiti uliofanywa kwa vijana 224 wa California, mashoga, wasagaji na wanaopenda jinsia zote mbili, wa miaka 21 hadi 25. Waliwauliza jinsi wazazi walivyowatendea walipojulikana. Wale waliokataliwa vikali na jamaa zao walikuwa na uwezekano mara 8 na zaidi wa kuwa wamejaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu. Uwezekano wa kutumia dawa za kulevya, na wa kufanya mapenzi bila kinga, ulikuwa zaidi ya mara 3. Hao wote ni vijana wa nchi moja na jimbo moja, wenye sheria zile zile. Kilichowatofautisha ni mambo ya nyumbani.

Mambo hayajawa mazuri huko. Mwaka wa 2023, takwimu za serikali ya Marekani zilionyesha kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 5 wa kundi hili katika shule za upili alikuwa amejaribu kujiua mwaka uliotangulia. Mwezi wa Julai 2025, serikali hiyo ilikata huduma maalumu ya simu iliyowahudumia vijana hawa wanapotaka kujiua. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa kitabibu wa hovyo, hata kama una sababu zake za kisiasa.

Najua wako watakaonikasirikia. Sheria ya Kenya ingali inaharamisha vitendo hivi, Mahakama Kuu ilikataa kuifuta mwaka wa 2019, na makanisa na misikiti yana msimamo wake. Sikukalia kiti cha kadhi wala cha askofu. Naulizwa kuhusu tembe, nami najibu kuhusu tembe. Wala simwambii mzazi abadilishe imani yake kwa siku moja. Namwambia asikate simu. Akishindwa kusema lolote, amwulize mtoto kama anakula, kama analala, na kama kuna mtu wa kumtazama akiugua. Akisikia anazungumza juu ya kufa, asidhani ni vitisho vya kumtia huruma. Amwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na atafute rafiki au jamaa aliye karibu naye huko afike mlangoni kwake siku hiyo hiyo.

Mama yangu wa shinikizo nilimwongezea dawa ya pili na kumpa siku ya kurudi. Alirudi baada ya majuma mawili akiwa na 150 kwa 95, si haba. Aliniambia kwamba Jumapili aliipokea simu. Walizungumza juu ya baridi ya Minnesota na bei ya unga, na lile jambo lenyewe hawakuligusa. "Bado sijalikubali, daktari," alisema. Kijana alikuwa amemwuliza kama anameza dawa zake, naye alimdanganya kwamba hajawahi kuziruka hata siku moja.