Mwulize Mwanao Habari za Kuni

Ndugu mzazi wa Kagongwa, mwanao arudipo likizo kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, usimwulize habari za mitihani peke yake. Mwulize pia: je, chakula chenu hupikwa kwa kuni, na kama ndivyo, za wapi?

Kisha mpeleke akaone ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili mifugo iyapate kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, haukutuletea ugeni hapa Shinyanga. Uliifufua desturi hiyo ya wazee, na visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi namna hiyo.

Chuo nacho kina ardhi, mifugo na vijana. Kwa nini kisifunge ngitili yake, wanafunzi wakahesabu machipukizi kila mwaka? Mwanao na alipeleke swali hilo kwa mwalimu wake.