Bustani ya vuli Natta iandaliwe kabla ya mvua

KWA wakazi wengi wa Natta, wilayani Serengeti, Agosti ni mwezi wa kupumua. Mavuno ya masika yameshaingia ndani, ardhi imekauka na majembe yameegemezwa ukutani yakisubiri wingu la kwanza la vuli.

Sisi tunasema hapo ndipo bustani ya nyumbani inapopotea.

Tupige hesabu. Vuli huchanganya Oktoba na Novemba, na mara nyingi hukatika Desemba. Mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne, kisha ukihamishwa huhitaji miezi miwili na nusu au mitatu kabla ya kuchumwa. Anayemwaga mbegu baada ya mvua ya kwanza atahamisha miche Novemba, na maua yatatoka wakati mvua inaaga. Aliyeandaa kitalu mapema Septemba, chini ya kivuli cha nyasi, akakimwagilia asubuhi na jioni, ana miche tayari siku ardhi inapolowa.

Samadi nayo haisubiri. Wanatta ni wafugaji, na katika maboma mengi samadi ya miaka imelala zizini huku mama wa nyumba hiyohiyo akinunua mchicha sokoni. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta magugu. Inafaa itolewe zizini mapema, ilundikwe kivulini, inyunyiziwe maji kidogo, ifunikwe kwa nyasi na kugeuzwa mara kwa mara. Hiyo ni kazi ya miezi mitatu hivi. Kwa hiyo ya vuli hii ni ile ya zamani iliyo chini kabisa ya lundo, nyeusi na isiyonuka. Inayotolewa leo ni ya masika. Debe moja likichanganywa vizuri na udongo linatosha tuta la mita moja hadi mbili za mraba.

Palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi, matuta yainuliwe, la sivyo mvua kubwa ya Novemba itaozesha mizizi. Palipo na kichanga, tuta lizamishwe kidogo ili maji yasikimbie. Nyasi kavu zinazochomwa ovyo wakati huu ndizo matandazo ya Oktoba, zisichomwe.

Tunafahamu kwamba watu wa huko watatuuliza habari ya tembo. Ni swali la haki, kwani Natta imepakana na hifadhi na tembo anaweza kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Kifuta jasho cha serikali hupimwa kwa ekari na kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi, hivyo mwenye matuta sita asikitegemee. Lakini ndiyo maana tunasisitiza bustani iwe nyuma ya jiko, mahali ambapo mtu anasikia kishindo na mbwa anabweka. Ndogo inalindika kuliko ekari tatu bondeni. Mwenye bustani asipande migomba wala miwa ukutani mwa chumba anacholala, maana huko ni kumwita mgeni. Wapo wanaozungushia kamba ya katani iliyopakwa pilipili ya kusaga na oili chafu, na mizinga ya nyuki nayo imesaidia sehemu nyingi. Hakuna kinga kamili, ila hizo si ghali.

Upande wa biashara, mchicha huvunwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, na sukuma wiki ndani ya miezi miwili. Anayeanza mapema atakuwa sokoni Mugumu kabla ya Krismasi, wakati wengine bado wanapalilia. Hoteli na kambi za watalii nazo zinahitaji mboga, ila msimu wao mkubwa ni Juni hadi Oktoba, yaani kiangazi, bustani zikiwa zimekufa. Mpishi wa hoteli hawezi kumtegemea mkulima anayeleta mboga miezi miwili tu kwa mwaka.

Hapo hoja inakuwa maji, na maji hayamo katika uwezo wa jembe la mtu mmoja. Natta Mbiso ni miongoni mwa vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, jina lililotokana na Ikoma na Nata, na vijiji hivyo hupata mgawo wa fedha za utalii. Madarasa na zahanati ni muhimu, hatubishi. Hata hivyo tunaomba mikutano ya vijiji ijadili pia matangi ya kuvunia maji ya mvua kwenye mapaa ya shule na nyumba, na kazi hiyo ikamilike kabla ya Oktoba ili vuli hii iyajaze.

Maofisa ugani nao wapite vijijini Agosti, wakakague vitalu na samadi. Wakifika Novemba watakuta mbegu zimeshamwagwa.