Kumkumbuka Baba ni Kumlinda Mjane Wake

Kila ifikapo tarehe 12 Aprili, Watanzania humkumbuka Ndugu Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki dunia mwaka 1984 katika ajali ya gari mkoani Morogoro, alipokuwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alizikwa kwao Monduli. Mwaka huo huo jina lake lilipewa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro, na hapa mjini Arusha moja ya barabara kuu inaitwa kwa jina lake. Heshima hiyo alistahili.

Lakini akina baba walio wengi hawaachi barabara. Mwalimu wa shule ya msingi, karani, bwana shamba, mganga wa zahanati, hao huzikwa kando ya migomba yao kwenye miteremko ya Mlima Meru. Risala husomwa, wanafunzi huimba, na ndugu huahidi mbele ya kaburi kwamba mjane na watoto hawatatupwa. Wageni wakiisha kuondoka, mjane hubaki akimkumbuka mumewe kila alfajiri awashapo moto, na mtoto humkumbuka baba yake anaporudi na ripoti ya shule asione wa kumwonyesha.

Hapo ndipo ahadi ya kaburini hupimwa. Katika nyumba nyingine kikao cha ukoo huitishwa hata kabla machozi hayajakauka. Mama aliyelima, aliyechuma kahawa na kuuza maziwa ili mumewe amalize masomo ya ualimu, huambiwa kwamba shamba ni la ukoo na yeye ni mgeni. Watu hao hao ndio watakaorudi baada ya mwaka kujenga kaburi kwa saruji na kula nyama, wakidai wanamkumbuka marehemu. Kumbukumbu gani hiyo?

Sisi wa Meru hatuna udhuru wa kutojua uchungu wa kuondolewa shambani. Wakoloni waliuzunguka mlima huu kwa mashamba ya masetla, ardhi ikawa haba. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili masetla wapate nafasi. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kulitetea shauri la watu wake. Dunia ilimsikiliza mkulima wa Meru akieleza kwamba kumnyang'anya mtu shamba alilolitolea jasho ni dhuluma. Je, dhuluma hiyo huwa halali inapofanywa na shemeji?

Wazee wengine husema kwamba mjane akiolewa tena, ardhi ya ukoo itapotea. Hofu hiyo si ya kudharau mahali ambapo shamba ni dogo. Lakini watoto wa marehemu ni wa ukoo huo huo, na anayewalea hapo ndiye anayewatunzia haki yao. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane fungu la urithi, likasema kwamba atatunzwa na watoto wake. Basi mjane mwenye watoto wadogo atatunzwa na nani iwapo watoto wenyewe wameondolewa shambani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka kwamba mjane yu huru kukaa apendapo, na kuolewa tena au kutoolewa. Mwaka 1983, katika shauri la talaka la Bi. Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Kama jasho hilo huhesabiwa mume akiwa hai, kifo hakiwezi kulifuta.

Hapana budi sisi watumishi wa serikali na walimu tuwe wa kwanza kuonyesha njia, maana wanakijiji hutuletea barua zao tuwasomee. Ni aibu mtu mwenye kalamu mfukoni kufa bila wosia. Kuandika wosia si kujiombea kifo. Tuandike tungali na nguvu, mbele ya mke na mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo, tutaje shamba, nyumba na mifugo, na majina ya mke na watoto yawe sahihi katika karatasi zetu za mafao. Nasi tunapoitwa kwenye vikao vya ukoo, tusinyamaze kwa kuwaonea haya wakubwa.

Azimio lililopitishwa katika mji huu mwaka 1967 lilipinga mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe. Anayechuma kahawa iliyopandwa na mjane anavunja Azimio hilo, hata kama ni ndugu wa marehemu. Anayetaka kumkumbuka baba huyo kwa dhati, na aende aone kama mkewe bado analala katika nyumba waliyoijenga pamoja, na kama watoto wake bado wanakwenda shule.